Mkono Begani mwa Bwana Harusi

Mwezi uliopita nilialikwa Mikumi kwenye jubilei ya ndoa ya Lukasi na Veronika, watu ambao urafiki wetu ulianza siku nilipoiharibu picha yao ya harusi. Nilifika mapema, kabla ya wageni wengine, nikakaribishwa sebuleni, na kama ilivyo tabia yangu mbaya nilitazama ukutani kabla sijawatazama wenyeji usoni. Ilikuwa palepale, juu ya kabati la vyombo, fremu yake imepigwa msasa na kupakwa vanishi upya. Kulia yupo Veronika na shela lake, katikati Lukasi ndani ya suti ya kuazima, na kushoto, akitenganishwa nao na mstari mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini, yupo bibi mmoja mwenye mfuniko wa sufuria kichwani. Mkono wake umevuka ule mstari na kutua begani mwa bwana harusi. Kila mgeni anayeingia nyumba ile kwa mara ya kwanza huuliza ule mstari ni wa nini. Veronika hunielekezea kidole kama nipo, na kama sipo hulitaja jina langu, Hadija, halafu anaanza kusimulia. Mstari ule niliukata mimi.

Siku hizi watoto wanakata picha kwa vidole viwili juu ya kioo cha simu, na wakikosea wanairudisha ilivyokuwa. Sina ugomvi nao, hata mimi nakata hivyohivyo. Lakini mwaka ninaousimulia, nilipokuwa na miaka ishirini na moja, picha ilikatwa kwa kisu, na ikikatwa imekatwa. Nilikuwa nimepata kazi Kilosa mjini, katika studio ya Mzee Mbaraka, si mbali na stesheni. Kilikuwa chumba cha mbele chenye kaunta, chumba cha kupigia picha, na kachumba kadogo ka giza tulikosafishia picha. Kwenye chumba cha kupigia kulikuwa na pazia kubwa lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, ila mchoraji aliishiwa rangi, kwa hiyo ngazi zilipanda vizuri mpaka usawa wa kichwa cha mteja na hapo zikakoma. Kati ya chumba cha giza na mgahawa wa Mama Pili palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Nikiwa gizani nilijua nani anakula nini, nani amechumbia wapi, na nani anadanganya kuhusu alikokuwa jana. Harufu ya dawa za picha na ya vitunguu vikikaangwa ziliingiliana puani mwangu mwaka mzima, na mpaka leo nikisikia kitunguu kikiingia kwenye mafuta ya moto macho yangu hutafuta ile taa nyekundu.

Kazi yangu hasa ilikuwa kukata. Mzee Mbaraka alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, mwenye kofia ya kushona kwa mkono ambayo sikuwahi kumwona bila hiyo, na aliamini kwamba mpiga picha akimaliza kazi yake ndipo kazi inapoanza. Alinipa vipande viwili vya boksi la sabuni alivyovikata kama kona za fremu. Nilivilaza juu ya picha, nikavisogeza, napunguza huku naongeza kule, mpaka yule mtu aliyekuwa anaelea katikati ya ngazi zisizofika popote akae mahali pake. "Usimkate mtu kwenye kiungo," alinifundisha siku ya kwanza. "Goti, kiwiko, kifundo, hapo usiguse. Kata kwenye nyama, juu kidogo au chini kidogo. Ukikata kwenye kiungo anaonekana amepata ajali." Anayetazama pembeni aachiwe nafasi upande anakotazama, asije akaonekana amesimamishwa mbele ya ukuta kama mwanafunzi mtoro. Macho yakae juu ya katikati ya karatasi, si katikati, maana yakikaa katikati kichwa kinabaki na anga kubwa lisilo na kazi. Nywele ruksa kupunguza. Kofia, kilemba na kitambaa cha kichwa ni marufuku, kwa sababu nywele zitaota tena na kofia imenunuliwa.

Wateja wenyewe walikuwa na sharti moja tu, viatu vionekane. Nikimkata mtu kifuani vizuri kabisa, uso umejaa, macho yanaongea, atashika picha, ataigeuza nyuma, ataigeuza mbele, na kuuliza miguu yake iko wapi. Mkulima mmoja wa kwetu Magole, aliyekuja na viatu vipya mikononi ili visipate vumbi la njiani, alikataa katakata kuondoka na picha ya uso peke yake. Mzee Mbaraka hakubishana naye. Alimpiga mbili, moja ya mtu na moja ya viatu, na yule bwana alizitia zote mbili kwenye fremu moja, viatu juu. Nilicheka siku mbili, ila nilijifunza kwamba mwenye picha na mwenye kisu hawatazami kitu kimoja.

Jambo jingine lilikuwa kopo. Vipande tulivyovitoa pembeni ya picha, kama vilikuwa na sehemu yoyote ya mtu, havikutupwa wala kuchomwa. Vilitiwa kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga chini ya kaunta. Nilipomuuliza Mzee sababu alisema hajui, ila mkono wake unakataa kuchoma uso wa mtu. Mimi niliona ni uchafu. Mwezi wa sita kopo lilikuwa limejaa masikio, viwiko, na nusu za watoto waliokimbia kabla kamera haijalia, na mara tatu nilikuwa nimekaribia kulimwaga jalalani.

Na mwaka ule nilikuwa na jambo kubwa moyoni. Mzee Mbaraka alikuwa anafungua chumba cha pili Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako malori na mabasi hayakomi. Alikwenda huko kila mara kupaka rangi na kupima madirisha, akirudi na hadithi za nyani waliomwibia mkate na tembo waliosimamisha basi mpaka abiria wakamaliza karanga zao. Aliniambia waziwazi kwamba mwisho wa mwaka atahamia huko, na studio ya Kilosa ataiacha mikononi mwangu, kama mpaka wakati huo hakuna mteja atakayerudisha picha kwa sababu ya kisu changu. Mteja mmoja tu akirudisha, atatafuta mtu mwingine. Nilitaka kile chumba chenye ngazi pungufu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikikikosa, nilijua jembe langu linanisubiri Magole, limeegemezwa palepale nilipoliacha.

Basi akaenda Mikumi, na huko akapiga harusi ya Lukasi, kijana wa palepale, na Veronika, binti aliyetoka milimani Vidunda. Alinitumia mkanda wa kamera kwa mkono wa kondakta wa basi, na karatasi yenye maagizo: picha ya mwisho isafishwe kubwa, bwana na bibi harusi, ya kutundikwa sebuleni. Niliisafisha. Ilipotokea kwenye dawa niliwaona watu watatu badala ya wawili. Bibi harusi, bwana harusi, na kikongwe mmoja aliyejipachika upande wa kushoto, kanga imefungwa kifuani, mfuniko wa sufuria kichwani, amejibana ubavuni mwa bwana harusi kana kwamba ndiye aliyeolewa. Nikasema moyoni, maskini Mzee Mbaraka, mkanda umemwishia na huyu mama akaingia palepale. Nikachukua vile vipande vya boksi. Nilisogeza polepole, nikampata Lukasi na Veronika peke yao, macho juu ya katikati, shela limekamilika, hakuna kiungo kilichoguswa. Nikakata. Nasema kweli, nilijisifu. Niliizungusha ile picha dirishani nikaona sijawahi kukata vizuri namna ile, nikaitia kwenye bahasha yenye kadibodi, nikampa kondakta jioni ileile. Kipande cha yule bibi nilikishika juu ya jalala, nikakumbuka mkono wa Mzee unaokataa, nikakitupia koponi.

Wiki iliyofuata nilikuwa gizani nasafisha picha za vitambulisho za wanafunzi. Mzee Mbaraka alikuwa amerudi jana yake. Nikasikia watu wameingia chumba cha mbele, wakasalimiana kwa kirefu, kisha karatasi ikalazwa kwenye kaunta.

"Tunaomba mtuambie huu mkono ni wa nani," sauti ya kijana ilisema.

Nilijua kabla hajaendelea. Nilikuwa nimetazama nyuso, nimetazama shela, nimetazama viungo, na sikuutazama mkono wa kikongwe begani mwa Lukasi. Nilikata mwili nikaviacha vidole na bangili.

"Mama yangu tangu aione halali, nikimweleza ni wa nani haamini," Lukasi aliendelea. "Majirani wamejaa nyumbani. Mmoja anasema ni marehemu babu amekuja kuibariki ndoa. Mwingine anasema babu hakuwa na tabia ya kubariki."

"Si wa babu," sauti ya mwanamke mzee ilidakia, kavu. "Babu hakuvaa bangili. Huo ni mkono wangu. Nataka kujua mimi mwenyewe niko wapi. Nani kakata?"

"Binti yangu wa humo ndani, bibi," alisema Mzee Mbaraka.

"Atoke."

"Hawezi kwa sasa. Ana picha za watoto wa shule kwenye dawa. Akifungua mlango zinaungua."

Nikaona nisipoonyesha adabu sasa hivi mambo yatazidi kuharibika. "Shikamoo bibi," nikasema kupitia mlango.

"Marahaba huwa nawapa watu wenye uso," akajibu. "Ukiupata wako utaniamkia."

Kisha nikasikia kiti cha wateja kikiburutwa. Bibi Tekla, ndilo jina lake, alikwenda kukaa chini ya lile pazia la ngazi na kutangaza kwamba hapo haondoki, na yeyote atakayekuja kupigwa picha atapigwa pamoja naye. Hakuwa akitania, au kwa usahihi zaidi, hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kutania. Alikuwa mtani wa ukoo wa Lukasi. Kazi yake siku ya harusi ilikuwa kuivuruga, kukalia kiti cha bibi harusi, kumwita bwana harusi mume wangu, na kutoondoka mpaka apewe chake na wenye harusi. Mzee Mbaraka alijua hivyo alipompiga, ndiyo maana hakumsogeza. Mimi sikuwepo kuyaona hayo, na wala sikuuliza. Asubuhi ile mwalimu mmoja alikuja kupiga picha ya kitambulisho, akajaribu kuomba kwa heshima, akajaribu tena, mwishowe akaahirisha.

Nilipotoka, mikono inanuka dawa, nilimwamkia tena na safari hii akaniitikia. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Magole. Akauliza ukoo wa baba, kisha wa mama, kisha wa mama yake mama, akihesabu vidoleni. Nilidhani ananipeleleza. Kumbe alikuwa ananitafutia wokovu.

"Hakuna utani hapo," akasema mwisho, na kwa mara ya kwanza alionekana amehuzunika. "Ningekuwa na utani nawe, ungenikata kichwa nami ningekudai mfuniko wangu tu. Lakini wewe ni mtu baki. Mtu baki akinitoa harusini kwangu amenitukana, na tusi hilo sina pa kulipeleka."

"Tutasafisha nyingine, bibi," alisema Mzee Mbaraka. "Negativu ninayo, utatokea mzima."

"Nyingine ya nini? Mtengeneze nyingine mfiche kosa? Nirudishwe palepale nilipotolewa, kwa kipande kilekile. Na kama mmekichoma, mmenichoma mimi."

Sijawahi kumshukuru mtu kimoyomoyo kama nilivyomshukuru Mzee Mbaraka na mkono wake wakati ule. Nililichomoa kopo chini ya kaunta. Chumba cha mbele kilikuwa na kiza, kwa hiyo tulikwenda kumwaga vipande kwenye meza ndefu ya Mama Pili, karibu na dirisha. Mama Pili hakuhitaji kuelezwa chochote, alikuwa amesikia yote kupitia plaiwudi. Alileta wali na maharage kwa sisi wote, akaketi, akaanza kupekua pamoja nasi. Ilichukua mlo mzima. Tulipata sikio ambalo wote walikubaliana ni la mkuu wa stesheni. Tulipata nusu ya mbuzi. Mama Pili alipata kiwiko chake mwenyewe, akanitazama kwa jicho ambalo nililielewa. Bibi Tekla alikuwa anakula taratibu na kuuliza kila kipande ni nani, na sisi tukibisha, na hasira ilikuwa inampungua bila yeye kutaka. Lukasi ndiye aliyekiona. Alikifuta kwa shati lake akampa.

Alikitazama muda mrefu, kwa mbali, kisha karibu. "Kumbe mfuniko ulinikaa," akasema. Halafu akaniuliza, bila ukali, kwa nini nilimkata.

Ningeweza kudanganya kwamba kisu kiliteleza. Mzee Mbaraka alikuwa ameinamia sahani yake, na studio yangu ilikuwa ndani ya jibu langu. "Niliona umeiharibu picha, bibi," nikasema.

Mama Pili aliacha kutafuna. Bibi Tekla akaweka kijiko chini, akaanza kucheka, kicheko cha chini chini kilichomtikisa mabega mpaka bangili ikalia mezani. "Sasa huyu amesema kweli. Kazi yangu ilikuwa kuharibu," akamwambia Lukasi. "Watu wote wa harusi wamenisifu, huyu peke yake ndiye aliyeona nimeharibu." Akafuta machozi ya kicheko. "Kosa lenyewe kwa mtu baki halisameheki. Dawa ni moja. Tumfanye mtani."

"Bibi, utani hurithiwa," Lukasi akasema. "Hauanzishwi mgahawani."

"Hata huo wa kurithi uliwahi kuanza mahali. Wa kwetu ulianza watu walipotoana damu. Huyu ameniwahi kwa kisu, si ni vilevile? Alete jogoo, mambo yaishe. Na wewe binti usikilize. Mtani hakai kwake kukiwa na harusi au msiba. Nikifa uje univurugie mazishi. Usije kunililia, waliaji ninao."

Jogoo alitoka kwa Mama Pili siku ileile, na mshahara wangu ndio uliomlipia. Kipande nilikibandika mwenyewe, Mzee Mbaraka akinitazama. Nilikilinganisha kwa zile kona za boksi mpaka mkono ukakutana na vidole vyake, nikakilaza kwenye kadibodi, nikaacha mstari uonekane kama Bibi Tekla alivyotaka. Nilipomaliza nikamgeukia Mzee na kumwambia najua kilichobaki, mteja amerudisha picha. Nilikuwa nimekwisha kukunja aproni.

"Ulihesabu mikono?" akaniuliza.

"Sikuhesabu, mzee."

"Kabla hujakata, hesabu mikono. Watu wawili, mikono minne. Ukiona wa tano, kuna mtu hujamwona." Akaichukua aproni akaitundika msumarini pale ilipokuwa ikitundikwa siku zote. "Mteja hajarudisha picha. Ameijia sehemu iliyobaki." Mwisho wa mwaka alihamia Mikumi na ndoo zake za rangi. Aliniachia funguo, zile kona mbili za boksi la sabuni, na lile kopo. Nililia, sioni aibu kusema, nikaosha uso, nikampiga mwalimu wa watu picha yake ya kitambulisho.

Nimefikiri sana kuhusu mwaka ule, hasa tangu watu waanze kuniita niwafundishe vijana kukata picha kwenye simu. Nawaambia yote ya viungo na ya macho na ya kofia, wanayashika haraka. Hilo la mikono huwa wanalicheka. Bibi Tekla aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alipofariki nilipanda Vidunda na mkasi mkubwa wa fundi cherehani. Jeneza lilipofikishwa kaburini nilisimama mbele yake, nikasema marehemu ni mrefu, kaburi halimtoshi, namkata kidogo miguuni, jambo ambalo nina uzoefu nalo. Waombolezaji waliokuwa wakilia walicheka huku wanalia, na ilibidi nipewe kuku ndipo nipishe. Nilipogeuka na kuku wangu kwapani ndipo machozi yakanitoka, na kwa kuwa alikwisha kunikataza, niliyafutia kwenye mabawa ya yule kuku.

Basi mwezi uliopita, jubilei ile, wageni walipokwisha kula, Lukasi na Veronika waliketishwa kwenye viti viwili chini ya ile picha, suti safari hii ni yake mwenyewe. Mjukuu wao Neema, msichana mwenye haraka na vidole vyepesi, alinyanyua simu. Nikaingia jikoni, nikachagua mfuniko wa ukubwa unaofaa, nikautia kichwani, nikaja kusimama kushoto kwa bwana harusi. Veronika alicheka mpaka akashika ubavu. Lukasi alisema tu, "Karibu mke wangu." Neema alipigwa na butwaa kidogo, kisha akamnong'oneza binamu yake aliyekuwa nyuma yake. Alinong'ona kwa adabu, lakini masikio yangu yalifundishwa kazi nyuma ya plaiwudi.

"Usijali," alisema, "yule bibi nitamkata baadaye."

Nikautua mkono wangu begani mwa Lukasi, nikatanua vidole vyote vitano, nikamwambia apige.